Udongo si Uchafu: Historia ya Neno "Dirt" na Mtego Wake kwa Mfasiri

Katika zoezi moja la tafsiri nililowapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu, nyumba yenye "dirt floor" iligeuka, kwa wengi wao, "nyumba yenye sakafu chafu". Nami nikaipa tafsiri hiyo alama. Mwanafunzi mmoja alipinga. Sakafu ya kwao ni ya udongo, alisema, na mama yake huifagia kila alfajiri. Ilinibidi nisahihishe upya.

Makala haya yanalenga kubainisha chanzo cha kosa hilo. Neno "dirt" liliingia Kiingereza kutoka Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia. Umbo lake lilikuwa "drit" na maana yake kinyesi. Baadaye sauti "r" na irabu zilibadilishana nafasi, jinsi "brid" (ndege) lilivyogeuka "bird". Maana nayo ilipanuka: kinyesi, matope, uchafu wowote, hatimaye udongo wenyewe. Maana hii ya mwisho imeshamiri hasa Marekani, ambako "dirt road" ni barabara ya udongo isiyotiwa lami, hata ikiwa haina taka yoyote.

"Soil" nalo hutatiza. Likiwa nomino ni udongo. Likiwa kitenzi ni kuchafua. Hata hivyo, hayo ni maneno mawili ya asili tofauti yaliyokutana katika umbo moja.

Kiswahili kilipita njia ya kinyume. Katika Kiganda, "ettaka" ni ardhi au udongo. Katika Kinyarwanda, "itaka" ni udongo. Kwetu, mzizi huo wa Kibantu umetupa "taka", yaani uchafu. Waingereza walianzia kwenye kinyesi wakafika shambani. Sisi tulianzia shambani tukafika jaani. Udongo ukabaki na jina lake lisilo na doa, ndiyo maana wahenga waliutumia kufunza: udongo uwahi ungali maji.

Mtahiniwa azingatie muktadha, basi. "Dirt" ikiwa sakafuni, barabarani au shimoni kama kitu kilichojenga mahali hapo, ni udongo. Ikiwa kwenye nguo au vyombo, ni uchafu. Mwanasiasa akitafutiwa "dirt", ni siri zake za aibu. Mwalimu naye asikimbilie kalamu nyekundu. Mfasiri asiyepima neno huweza kumtukana mama wa watu ndani ya nyumba yake safi.