Mtama Unaoamsha Ndizi: Historia ya Chachu ya Rubisi Ngara

Ngara ni nchi ya migomba, hilo halina ubishi. Lakini ukipita Mbuba na Bukiriro hadi Rulenge, kati ya migomba, mihogo na maharage utakuta pia vipande vya mtama mwekundu. Si mtama wa kulisha kaya mwaka mzima, maana katika nyumba nyingi ugali siku hizi ni wa muhogo au mahindi. Kwa maoni yangu, mtama haujatoweka kwenye vilima hivi kwa sababu ya kazi moja ambayo mahindi hayakuweza kuirithi: kuamsha pombe ya ndizi.

Pombe hiyo Kagera tunaiita rubisi. Majirani zetu wa Rwanda wanaiita urwagwa, wa Burundi urwarwa, na upishi ni ule ule. Ndizi za pombe huvundikwa kwanza, ama shimoni juu ya majani ya migomba, ama darini penye moshi wa jiko, mpaka zilainike na kunukia. Zikishamenywa humwagwa kwenye mtumbwi, yaani gogo lililochongwa tumbo, ambalo ng'ambo ya mpaka huitwa umuvure. Hutupiwa nyasi, kisha wanaume huingia kukanyaga kwa miguu. Nyasi hushika nyama ya ndizi na kuyaachia maji yapite. Yakichujwa na kuongezwa maji ya kisima, bado ni kinywaji ambacho hata mtoto anapewa.

Hapo ndipo mama wa nyumba analeta ungo. Una mtama uliokaangwa kwenye gae mpaka ukabadilika rangi, kisha ukasagwa juu juu, chenga zikibaki. Anaumwaga kwenye maji ya ndizi na kuukoroga kwa mkono, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba, watu wanakwenda kulala. Usiku ukitega sikio utausikia ukichemka bila moto. Asubuhi ukifunua majani, povu la rangi ya udongo limepanda hadi ukingoni na chenga za mtama zinaibuka na kuzama ndani yake. Pombe iko njiani. Ikiiva inywewe, maana ikipita siku mbili tatu inachachuka na kuelekea kuwa siki.

Muulize mpika pombe yeyote ni nini kilichofanya kazi usiku ule, atakuonyesha ungo wa mtama. Jibu lake ni sahihi, ila si lote. Kinachogeuza sukari kuwa kilevi ni chachu, viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho, na mtama uliokaangwa umeshapita motoni. Moto haubakishi wengi. Chachu imetoka kwenye maganda ya ndizi, kwenye nyasi na miguu ya wakanyagaji, na hasa kwenye mtumbwi wenyewe. Mtumbwi huoshwa kwa maji na kufunikwa kifudifudi, sabuni haiugusi. Katika nyufa za mti hubaki masazo ya pombe iliyopita, na humo chachu husubiri mavuno mengine. Mtama huipa chakula ambacho ndizi peke yake haina cha kutosha, huipa ganda la kushikilia, na huipa pombe rangi na ukali wake. Wapo wanaotumia kimea, yaani mtama ulioota ukaanikwa juani. Huo, usipokaangwa, huleta chachu yake mwenyewe.

Desturi hii ilikuwepo kabla ya sayansi kuielewa. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walikwama Usui, ndiyo Busubi, nchi ya mfalme Suwarora ambayo leo imegawanyika kati ya Ngara na Biharamulo. Walitozwa hongo siku baada ya siku kabla ya kuruhusiwa kusonga kwenda Karagwe kwa Rumanyika, na katika vitabu vyao pombe inatajwa tena na tena. Wakati huo huko kwao Ulaya hoja ya chachu ilikuwa bado mbichi. Mholanzi Leeuwenhoek alikuwa ameziona chembe zake kwa hadubini mwaka 1680 bila kujua kwamba zina uhai, na ni mwaka 1857 tu ndipo Louis Pasteur wa Ufaransa alipoanza kuonyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifanikiwa kutenga chembe moja ya chachu na kuizalisha peke yake. Tangu hapo kiwanda kikaweza kutoa bia yenye ladha ile ile mwaka mzima. Viwanda vya kwetu vilizaliwa ndani ya utaratibu huo: Kenya Breweries mwaka 1922, Tanganyika Breweries ya Dar es Salaam mwaka 1933. Mtumbwi wa Mbuba ukabaki na mchanganyiko wake.

Wala usidhani kwamba kutunza chachu ni ujuzi wa Ngara peke yake. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, pombe ya mtama iitwayo ikigage huanzishwa kwa umusemburo, chachu ya kienyeji inayotengenezwa makusudi kwa kimea cha mtama na mimea ya porini. Wataalamu walipoupima waliikuta humo chachu ile ile inayoumua mkate na kuchachusha bia za viwandani, ikiishi pamoja na jamaa zake wengine. Uchagani mbege hupewa kimea cha ulezi. Magharibi mwa Kenya busaa huamshwa kwa kimea cha wimbi. Pwani, kabla hamira ya pakiti haijafika kila duka, tembo la mnazi liliumua mikate.

Lakini ustadi ulionivutia zaidi ni wa Wakikuyu na Wakamba. Huchukua tunda la mti wa mvungunya, ambalo Wakikuyu huliita muratina, wakalipasua, wakalichemsha na kulianika. Kisha hulitia kwenye maji ya asali au ya miwa mpaka nyuzi zake zinywe chachu, na baada ya hapo hulikausha na kulihifadhi. Siku ya kupika linarudishwa kazini, na tunda moja hutumika mara nyingi. Wanorwei walifanya hivyo hivyo kwa pete za mti zenye mianya mingi, wakizichovya kwenye povu la bia na kuzitundika zikauke. Chachu hizo za mashambani, ziitwazo kveik, zilirithishwa ndani ya familia bila kelele. Katika muongo mmoja uliopita zilichunguzwa maabara, zikaonekana kuwa ukoo wa pekee, na leo zinauzwa kwa pakiti duniani kote.

Marekani, ambako kujipikia bia nyumbani kulihalalishwa kwa sheria ya mwaka 1978, wapishi wa nyumbani huanzisha chachu kwa vipimo. Pakiti ya chachu ya maji huwa na chembe kama bilioni 100, nayo bia ya kawaida ya lita 20 huhitaji karibu bilioni 180. Kwa hiyo siku moja au mbili kabla ya kupika, mtu huchemsha gramu 100 za unga wa kimea katika lita moja ya maji, huupoza, humwaga chachu humo na kuitikisatikisa mpaka izaliane. Lengo ni chachu iwe nyingi kiasi cha kuwatangulia bakteria. Ungo wa mtama wa Ngara una lengo hilo hilo, isipokuwa kwamba rubisi haiwafukuzi bakteria wote. Wale wa uchachu wanaachiwa nafasi yao, na bila wao haiwi rubisi.

Pombe hii imepita misukosuko. Uamsho wa Walokole ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka hadi Ngara na Bukoba, uliwafanya waumini wengi kuiweka chini kata na kubaki na maji ya ndizi yasiyo na mtama. Sheria ya mwaka 1966 ilibana upikaji wa gongo, na baadhi ya gongo ya Kagera hutoneshwa kutoka kwa rubisi hii hii. Pigo kubwa zaidi, nionavyo, lilikuja mwaka 2006 pale mnyauko wa bakteria ulipothibitishwa Kagera. Ugonjwa huo huenezwa pia na wadudu wanaotembelea maua ya mgomba, na aina ya kayinja, ndizi ya pombe, ndiyo iliyoumia sana. Wakulima walifundishwa kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, na mashina yaliyoambukizwa yakang'olewa. Ndizi za pombe zikawa adimu.

Penye uhaba pana njia ya mkato. Wapo wanaoongeza sukari na hamira ya dukani ili pombe iive haraka, na madumu ya plastiki yanachukua nafasi ya mtumbwi. Plastiki ni nyepesi na inaoshwa kwa urahisi, silaumu. Lakini haina nyufa za kutunza chachu. Na unga wa kuanzishia si jambo la kufanyia mchezo. Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya msibani. Kwanza uvumi ulidai ni nyongo ya mamba. Uchunguzi ulikuta sumu iliyozalishwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Mtama wenye ukungu, au uliolowana ukavunda, usiingie mtumbwini hata kama umebaki kibaba kimoja.

Kagera ina kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, ambacho kimefanya kazi kubwa juu ya migomba. Nchi ina Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye wataalamu wa sayansi ya chakula. Kuchukua sampuli kutoka kwenye mitumbwi ya Mbuba, Rulenge na Kabanga, kuzihifadhi na kuziandika kwa jina la vijiji zilikotoka, si mradi wa mabilioni. Nawaomba waufanye wakati mitumbwi ingalipo, na wewe uliyeachiwa mmoja na babu yako, usiupasue kuni kabla hawajafika.