Kufunga Mizigo Upya

Msafara uliotoka Bagamoyo ulipofika Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, haukuendelea mbele kama ulivyokuja. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na hapo ndipo walipokuwa wamefika kwao. Burton na Speke walipoingia mwezi Novemba 1857 walikaa majuma kadhaa wakitafuta watu wengine. Mizigo ilifunguliwa ikafungwa upya kulingana na njia: ya Ujiji, au ya Karagwe na Buganda. Ushanga uliopendwa huku, kule haukununua hata kuku.

Nililifikiria jambo hilo sana mwaka 2006, nilipokuwa nikihamisha masomo ya kompyuta ili yatazamwe katika televisheni hapa Tabora. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliwapa wapiga taipu wake 11 miezi mitatu wajue kompyuta au waondoke. Karibu wote walikuwa akina mama wenye watoto shuleni. Kompyuta tuliyopata ilikuwa moja, pamoja na masomo katika CD. Televisheni na deki ya VCD, kinyume chake, zilikuwamo katika nyumba nyingi za majirani.

Vijana huenda wasijue kwamba vyombo hivyo viwili vilipigwa marufuku Tanzania kwa amri moja ya mwaka 1974, iliyozuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka hiyo ya 1970. Bara tulingoja hadi 1994. Basi mpiga taipu wa umri wa miaka 50 hakuwa mzito wa akili, kama mabwana fulani walivyopenda kusema. Kwa muda mrefu wa kazi yake vyombo hivyo havikuruhusiwa hata kufika bandarini.

Kazi yenyewe ilikuwa na mitego. Somo lilitengenezwa kwa kioo chenye nukta 1024 kwa 768, lakini picha ya VCD ni 352 kwa 288 tu. Ukiipunguza yote, herufi zinageuka ukungu. Ilinibidi nikate kioo vipande, nioneshe kona moja baada ya nyingine, nikiacha nafasi pembeni kwa sababu televisheni za wakati ule zilimeza kingo za picha. Kugeuza saa moja ya somo kulichukua usiku mzima, na mwaka ule ulikuwa wa mgawo wa umeme. Ukikatika saa tisa, unaanza upya.

Lugha nayo ilikuwa mzigo. Masomo yalikuwa ya Kiingereza, nikaondoa sauti na kuweka yangu ya Kiswahili. Wazo hilo si jipya. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Notcutt na Latham walitengeneza filamu za kufundishia Waafrika, zikiwamo za afya na kilimo. Maelezo hayakuwa ndani ya filamu bali katika santuri, hivyo picha ileile iliweza kusemeshwa kwa lugha mbalimbali. Mtazamo wao juu ya watazamaji ulikuwa wa kikoloni, tena wa kudharau. Ufundi wa santuri, lakini, ulikuwa wa busara.

Gumu kuliko yote lilikuwa subira. Kompyuta humngoja mwanafunzi abonyeze ndipo somo liendelee. Televisheni haimngoji mtu. Niliweka picha tuli za sekunde 10, wengine wakachoka kungoja, wengine zikawapita. Jawabu nililipata kwenye kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio nayo haingoji. Kwa hiyo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, kila kimoja na kiongozi na kitabu, wakasikiliza kisha wakajadiliana. Nami nikaacha kuhangaika na picha tuli. Tulikaa sebuleni kwa jirani, daftari mkononi, na mama mmoja mtu mzima akapewa rimoti.

"Mwanangu, unakimbilia wapi?" aliniambia siku ya kwanza, akaisimamisha sauti yangu mwenyewe. "Tumia mfano wa mshahara. Hizo hesabu za maduka ya Wazungu hazituhusu."

Nikarudia somo zima la majedwali kwa mfano wa mishahara. Jumamosi walipokezana kwenye ile kompyuta moja, dakika 20 kila mtu, na vidole vyao vya taipu vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Kilichowasumbua ni kipanya.

Miezi mitatu ilipokwisha, 8 walibaki kazini. Watatu waliondolewa, na mmoja wao alikuwa yule mama wa rimoti, ambaye alifaulu jaribio lakini akaambiwa umri wake umepita. Alinunua kompyuta iliyotumika kwa kiinua mgongo chake, akawa anachapa barua za watu karibu na stesheni ya reli.