Asubuhi Iliyopotea Bell Labs, na Usiku Wako Unaopotea Leo

Wasee, kama umewahi kujenga Linux ya ruta usiku kucha halafu asubuhi badiliko lako halionekani, usijilaumu. Hili tatizo lina karibu miaka 50.

Mwaka wa 1976, huko Bell Labs, Marekani, Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akisaka kosa kwenye programu ambayo tayari alikuwa ameirekebisha. Shida? Faili aliyorekebisha haikuwa imekompailiwa tena. Akamlalamikia mwenzake, Stuart Feldman, na Feldman akaandika Make. Kazi yake ni swali moja tu: chanzo ni kipya kuliko kilichojengwa? Basi jenga tena.

Lakini Linux ya kifaa si programu moja. Ni kernel, ni BusyBox, ni mamia ya pakiti zinazotegemeana. Na saa ya faili haijui kwamba jana ulizima chaguo fulani la OpenSSL.

Hapo njia zikagawanyika. Buildroot, iliyoanzishwa na watu wa uClibc mapema miaka ya 2000, ilibaki na Make na ikasema ukweli: ukibadilisha mipangilio, haitakisia nini kijengwe upya. Hata ukiondoa pakiti, faili zake hubaki pale pale. Ukiwa na shaka, futa, anza upya.

OpenEmbedded ya 2003 ikaleta BitBake, iliyochipuka kutoka Portage ya Gentoo. Leo, ndani ya Yocto, BitBake huchukua alama ya kidole ya kila kinachoingia kwenye kazi: resipe, vigezo, vitegemezi. Alama ikibadilika, kazi inarudiwa. Isipobadilika, tokeo la zamani linatolewa ghalani.

Kuna wanaoicheka Buildroot. Mimi hapana. Zana inayokubali kwamba haijui ni afadhali kuliko inayokudanganya. Ila "anza upya" ni ushauri rahisi kwa mwenye seva kubwa. Kwa mwenye laptop ya mtumba na stima ya kubahatisha, ni usiku mzima umeenda.

Kwa hivyo kabla ya kufuta, jiulize nani anategemea ulichogusa. Kama ni pakiti moja isiyotegemewa na nyingine, ifute hiyo peke yake kwa dirclean, ujenge tena. Kama ni maktaba inayotumiwa na kila mtu, kubali yaishe, futa yote. Johnson alipoteza asubuhi kwa kuamini kitu kimejengwa. Wewe hakikisha.