KUHAMA KWETU: TOKA MZIGO WA KICHWANI HADI LORI LA KURUDI

Na Mwenyekiti wa Kikundi



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi tukiwa hai, ingawa si wote. Katibu ameshaandika habari za hisa na mikopo, na Mweka Hazina ana mahesabu yake kule kurasa za nyuma. Mimi kamati iliniambia niandike historia. Nikauliza, historia ipi? Wakasema, wee mama andika tu tulivyoanza. Sasa sisi hatukuanza kwa semina wala kwa mfadhili. Sisi tulianza kwa lori. Kwa hiyo hapana budi niandike habari za kuhama, na msinione nimepotea njia nikianzia mbali. Elimu yangu ni ya darasa la saba, naandika kama ninavyosema.

Wazee wetu walihama kwa miguu. Shuleni tulifundishwa habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akaja Usambara, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala kutoka Vuga. Aliingia milimani na mbwa wake na mikuki. Hakuwa na kabati la vyombo wala kitanda cha futi tano kwa sita, na mtu wa namna hiyo kuhama si tatizo. Hata mama yangu mzazi alipoolewa hapa Bungu alikuja na vyungu, mkeka, kinu na jembe. Shangazi wawili na wadogo zake wakabeba, safari moja ikatosha. Siku hizi binti akiolewa sufuria peke yake ni nusu ya pikipiki.

Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 wakati wa Wajerumani, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Ni jambo kubwa, lakini treni ilikuwa bondeni na sisi tuko juu. Kufika stesheni ilikuwa bado ni kwa miguu na ngata kichwani. Waliohamishwa hasa na reli ni watu wa mkonge. Miaka ya 1940 na 1950 palikuwa na chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU, kikienda kuandikisha vibarua mikoa ya mbali, Kigoma, Songea na kwingineko, na kuwaleta huku Tanga kwa treni na malori. Mtu alikuja kwa mkataba, na mkataba ukiisha alitakiwa arudi. Wengi hawakurudi. Nendeni kambi za mkonge huko chini Korogwe, mtawakuta wajukuu zao, na Kiswahili chao kizuri kuliko changu.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mpaka mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Huku kwetu milimani nyumba zilikuwa tayari zimebanana, kwa hiyo wengi tuliandikishwa palepale tulipo. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikuhama hata hatua moja. Lakini shangazi yangu aliolewa Handeni, na kule watu walikaa mbalimbali porini. Alitusimulia mpaka tukachoka. Gari la serikali lilikuja asubuhi, wakaambiwa pakieni. Hakuna aliyemuuliza ana vitu vingapi. Mahindi yaliyokuwa ghalani hayakuenea, kuku walikuwa wameshatoka kutafuta chakula. Shangazi aling'oa mlango wa nyumba yake, akaupakia, akaukalia juu. Walipofika huko hapakuwa na nyumba ya kuuweka huo mlango, ila aliulala miezi miwili kama kitanda. Simlaumu mtu, shule na zahanati zilikuja kwa ajili ya kukaa pamoja, lakini habari ya mlango sijaisahau.

Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Waliokutwa Dar es Salaam bila kazi inayotambulika walikamatwa, wakapakiwa kwenye magari kurudishwa vijijini wakalime. Wengine walirudi mjini baadaye kwa nauli zao wenyewe. Na juzijuzi tu, Juni 2022, tulisikia redioni familia za kwanza toka Ngorongoro zimeletwa Msomera, hapo Handeni kwa jirani zetu, pamoja na vyombo vyao na mifugo yao. Serikali ilisema wanahama kwa hiari na imewajengea nyumba. Wengine wa Ngorongoro walikataa wakasema wazi hawataki. Mimi mambo hayo siyajui kwa undani. Ila nikisikia familia imepakiwa na vyombo vyake, namkumbuka shangazi. Swali langu siku zote ni moja, gari hilo nani kalikodi?

Basi sasa nafika kwetu.

Kabla ya kikundi hiki kuwapo, mwenzetu mmoja alifiwa na mume Dar es Salaam. Simtaji jina, ingawa atakuwapo siku ya sherehe na atacheka. Walipanga vyumba viwili Manzese. Alikuwa na watoto watatu, kitanda, magodoro mawili, kabati la vyombo lenye kioo, meza, masufuria ya biashara ya maandazi, na cherehani ya miguu aliyoinunua kwa hela ya maandazi hayohayo. Mashemeji wakamwambia, tena kwa upole, mama watoto wewe panda basi na watoto nenda kwenu ukapumzike, vyombo vibaki mpaka kikao cha ukoo. Kila mwanamke anayesoma hapa anajua kikao hicho kikija kukaa, kabati litakuwa limeshafunguliwa na nani. Akanipigia simu usiku. Akaniambia, dada, nisipotoa vitu vyangu kabla ya arobaini sitaviona tena. Na cherehani ikienda, hawa watoto nitawalisha nini?

Tulikuwa wanawake kumi na wawili tunaochuma chai na kuuza ndizi. Hatukuwa na chama, tulikuwa tunajuana tu. Tulichangishana, huyu elfu mbili, huyu elfu kumi, mmoja aliuza mbuzi. Ikapatikana shilingi 310,000, tukamtumia kwa simu. Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe!

Mtu wa kwanza mwenye Fuso alitaka 850,000 kumleta Korogwe. Sisi huku tukakasirika, ni kama kilometa 300 tu, anajenga ghorofa? Baadaye ndipo tulipoelewa. Mwenye gari anapiga hesabu ya kwenda na ya kurudi. Wewe unahama mara moja, hurudi, lakini gari lazima lirudi. Mafuta ya kurudi yako juu yako, chakula cha dereva na utingo kiko juu yako, na siku mbili gari halikufanya kazi nyingine nazo ziko juu yako. Unalipia lori tupu linalotembea barabarani.

Mtu wa pili alikuwa dalali. Alisema ana gari la bei rahisi, alipwe kwanza 100,000 ya kuwahi nafasi. Mwenzetu akampa. Hakuandika karatasi, hakuuliza namba ya gari. Jioni simu ya dalali ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Nilimgombeza sana kwenye simu, na sasa najuta, maana mtu mwenye msiba akili yake haiko mahali pake.

Aliyetuokoa ni mama mmoja jirani yake huko Manzese, muuza nyanya. Alimwambia, mwanangu, acha kutafuta gari la kwenda, tafuta gari la kurudi. Nenda soko la Mabibo alfajiri, utakuta malori yameshusha mboga na ndizi toka milimani. Yale yanarudi kwenu yakiwa na matenga matupu. Ongea na dereva mwenyewe. Akaenda. Dereva mmoja aliyeleta kabichi toka Lushoto akakubali 180,000 mpaka Korogwe, kwa sababu kwake hiyo ni hela ya ziada, mafuta ya kurudi angeyachoma hata bila mzigo. Ila masharti yalikuwa magumu. Lori linaondoka jioni ileile, haliingii vichochoroni, na halimsubiri mtu. Mwenzetu akakodi guta, likapiga safari tatu mpaka Barabara ya Morogoro kwa shilingi 15,000. Yule mama muuza nyanya alimwambia pia apite kwa mjumbe achukue barua ya kuhama. Na kweli, usiku njiani polisi walisimamisha lori wakauliza vyombo hivi vya nani. Barua ndiyo iliyojibu. Bila ile barua, mjane na watoto watatu juu ya magodoro usiku wa manane wangeonekana wezi.

Kuna siku mwanangu alinisomea habari ya Marekani, nikashangaa. Mwaka 1945 mtu mmoja, Leonard Shoen, na mkewe Anna Mary, walitaka kuhama kutoka Los Angeles kwenda Portland, wakakuta hakuna anayekodisha tela la kwenda bila kurudi. Wakaanzisha kampuni yao, U-Haul, mtu akodi hapa aache kule, kwenye kituo cha mafuta cha wakala. Kwa hiyo hata wazungu shida yao ilikuwa hiyohiyo, chombo kirudije. Wao walijibu kwa kuweka mawakala kila mji. Sisi jibu letu ni kabichi.

Turudi Korogwe. Lori likashusha vyombo alfajiri pembeni mwa barabara kuu likaendelea zake Mombo. Hela imebaki 15,000. Kupanda Bungu kwa kenta walitaka 80,000. Tukachangishana tena 65,000, hapo sasa wengine walishaanza kununa, siwafichi. Na ilikuwa masika. Mvua ya usiku ilikuwa imeshapita Dindira, barabara imekuwa sabuni. Kenta ikapanda, ikateleza, ikapanda, mwisho dereva akazima injini akasema mama zangu, mimi nina watoto. Akashusha vitu kwenye majani.

Tukaenda kuvichukua. Wote kumi na wawili, na mabinti zetu. Tukakunja khanga tukapiga ngata, kama shangazi zake mama yangu. Kabati walibeba vijana, kioo kikavunjika. Magodoro yalinyonya maji yakawa mazito kama maiti. Cherehani tuliifungua, kichwa chake kikafungwa kwenye blanketi kikabebwa na mwenyewe mgongoni kama mtoto, hakutaka mtu mwingine akiguse. Ile miguu ya chuma tulipokezana watu wanne. Mguu mmoja ulipinda tulipoanguka kwenye kona, na aliyeanguka ni mimi. Tulifika magharibi, matope mpaka kiunoni.

Usiku ule tukinywa chai, mwenzetu alisimama akasema deni lenu ni 375,000, nitamlipa kila mtu chake. Ndipo mama mmoja, marehemu sasa, yule aliyeuza mbuzi, akasema usitulipe mmojammoja, tutazila. Weka pamoja. Ikaisha hivyo. Alishona, akalipa kwa miezi saba, na fedha ile ndiyo iliyoingia kwenye sanduku letu la kwanza lenye kufuli tatu. Wanaodhani mtaji wetu ulitoka kwa mbunge wasome hapa.

Tangu hapo mfuko wetu wa jamii umekodi lori mara sita. Anayekwenda kuchukua vyombo hutoka na mwanachama wa pili. Dereva huonyesha leseni, namba ya gari huandikwa, na hela nusu hulipwa mzigo ukishashuka. Daraja jipya la Wami lilianza kutumika 2022, foleni ya pale imepungua. Treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi Desemba 2019, mmoja wetu akaitumia, lakini kabati huwezi kuingia nalo behewani.

Si yote yalikwenda vizuri. Safari ya nne tulimkopesha mwanachama 400,000 ahamie kwa mumewe Morogoro. Mimi nilipinga, kura zikanishinda. Lori lilikwenda bila kurudi na deni nalo vilevile. Mweka Hazina bado analiandika kila mwaka, nami kila mwaka namwambia aliache liendelee kuonekana.

Na safari ya sita ilikuwa mwaka jana, binti mkubwa wa yule mwenzetu. Aliachana na mumewe Dar es Salaam, akatupigia simu mchana, kesho yake usiku vyombo vyake vilikuwa vinapita Segera juu ya matenga. Kenta ilipanda mpaka mlangoni, kulikuwa kiangazi. Sare tulizovaa kwenye picha ya jalada amezishona mama yake kwa cherehani ileile. Chini ya mguu uliopinda ameweka kipande cha tofali.