Kombaini ya Kukodi, Kombaini ya Kununua: Mkataba na Siku za Mavuno ya Ngano

Anayetaka kuamua kama anunue kombaini au akodi huanza na kikokotoo: bei ya mashine, riba ya benki, dizeli, vipuri, kisha gharama kwa ekari. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila haitaji siku chache zilizopo kati ya suke kukauka na mvua kurudi. Ngano iliyoiva ikilowa mara kwa mara huchipua ingali kwenye suke, na unga wake hautoi tena mkate mzuri. Msagishaji ataikataa au ataishusha bei. Nashikilia kwamba kwa wakulima wengi kukodi ndiyo njia sahihi, na kwamba hasara wanayoilalamikia hutokana zaidi na mkataba unaopima ekari peke yake.

Tuchukue kombaini yenye kikatio cha mita 6, ikienda kilomita 6 kwa saa. Ukiondoa muda wa kugeuka, kumwaga nafaka na kujaza mafuta, itavuna kama ekari 6 kwa saa, au ekari 50 kwa siku ya jua. Shamba la ekari 800 litaisha kwa siku 16. Siku zote zilizobaki za mwaka mashine imeegeshwa, na riba haijui likizo.

Wamarekani walilijibu hilo kwa kuihamisha mashine. Mwaka 1944, vita vikiwa vimebana chuma na nguvukazi, kampuni ya Massey-Harris ilipata kibali cha kuunda kombaini 500 za ziada zinazojiendesha. Kila mnunuzi aliahidi kuvuna angalau ekari 2,000. Mashine hizo zilifuata ngano inavyoiva kutoka kusini kwenda kaskazini, na zilivuna zaidi ya ekari milioni moja. Hadi leo vikosi vya wavunaji wa kukodiwa huanza Texas mwezi Mei na kupanda kupitia Kansas hadi karibu na mpaka wa Kanada, ambako hufika majira ya joto yakielekea ukingoni. Kwetu Kenya kinachotofautisha tarehe za kuiva ni mwinuko na majira ya mvua: Narok huvuna mapema, Uasin Gishu hufuata Oktoba na Novemba. Kombaini inayosafiri kati ya kaunti hizo hupata misimu miwili ndani ya mwaka mmoja.

Lakini tazama namna mvunaji anavyolipwa. Katika nyanda za Marekani malipo ya kawaida yana sehemu tatu: kiasi kwa ekari, nyongeza kwa kila busheli (kipimo cha nafaka cha huko) inayozidi 20 kwa ekari, na malipo ya kusafirisha kwa busheli. Nyongeza ile inafidia kazi nzito ya shamba lililostawi, na wakati huohuo humpa opareta sababu ya kuitazama kila punje. Huku kwetu malipo mara nyingi ni ya ekari tu. Anayelipwa kwa ekari hukanyaga mafuta. Mabua yakizidi ndani ya mashine, chekeche hulemewa, na punje hutoka nyuma pamoja na makapi.

Upotevu huo unapimika kwa fremu ya waya ya sentimita 30 kwa 30. Piga magoti nyuma ya mashine, sukuma mabua pembeni, uhesabu. Punje 20 ndani ya fremu, kama zimesambaa shamba zima, ni takriban kilo 27 kwa ekari. Kombaini yetu ya mita 6 ikimwaga makapi kwenye ukanda wa mita 1.5, hesabu ya ukandani igawanywe kwa nne, kwa hiyo punje 80 pale zina maana ileile. Kwenye ekari 800 hizo ni kilo 21,600, yaani magunia 240 ya kilo 90. Sijaona kwa nini kipimo rahisi kama hiki kisiandikwe kwenye mkataba, pamoja na haki ya mkulima kumwambia opareta apunguze mwendo.

Wapo watakaosema dawa ni kumiliki. Mashamba saba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la Tanzania, kule Hanang, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalikuwa na kombaini zake. Yalitegemea pia vipuri na utaalamu wa kutoka ng'ambo, tena juu ya ardhi waliyonyang'anywa wafugaji Wabarabaig, dhuluma ambayo hakuna hesabu ya mavuno inayoweza kuifuta. Kwa upande wa mitambo pekee, mwenye kombaini inayosubiri mkanda kutoka nje hana nafuu kuliko yule anayekodi, kwa sababu huyo wa kukodi angalau anaweza kumpigia simu mwenye mashine mwingine.

Mwenye ekari 20 ana shida nyingine: mwenye mashine hupendelea shamba kubwa lisilo na kona nyingi, na mdogo huwekwa mwisho wa foleni, mawingu yakiwa yameshatanda. Majirani wakipanda mbegu moja kwa wakati mmoja na kukodi kwa pamoja, kombaini hukuta ekari 200 zilizoungana, na wao hupata sauti ya kudai tarehe. Mkulima mkubwa anayenunua kombaini naye, ili ilipe, atalazimika kuvunia wengine akimaliza kwake. Atakuwa mkodishaji, na majirani zake watakuwa nyuma yake kwenye foleni. Wanastahili tarehe iliyoandikwa tangu wakati wa kupanda, na fidia ikipita.