Trauti wa Mto Gura: Historia ya Samaki, Leseni na Swali la Mto ni wa Nani

Mwaka 1905, samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven huko Uskoti walipandikizwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Ewart Grogan, mlowezi aliyejipatia umaarufu kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Reli ilikuwa imefika Ziwa Viktoria miaka minne tu kabla, na mipaka ya mashamba ya walowezi ilikuwa bado inachorwa. Hata hivyo, tayari palikuwa na mtu aliyeona haja ya kuujaza mto wa mlimani samaki ambao wenyeji hawakuwajua, ili waje kuvuliwa na watu ambao wengi wao walikuwa hawajawasili.

Tunapofundisha historia ya ukoloni nchini Kenya, tunazungumzia ardhi, kodi, kipande na reli. Habari za trauti tumewaachia waandishi wa vijitabu vya utalii. Naona hasara katika mgawanyo huo, kwa kuwa historia ya samaki huyu inatuonyesha kwa uwazi jambo ambalo sheria za ardhi hulificha nyuma ya lugha nzito: dola ya kikoloni iliweza kuutunza mto, kuulinda na kuuwekea kanuni, pale ilipojua ni nani atakayeufaidi. Uhuru ulitukabidhi mito hiyo. Swali la nani atakayeifaidi tulilirithi pia, na hatujalijibu.

Kwanza tuuelewe uvuvi wenyewe, maana siasa yake imo ndani ya ufundi wake. Trauti huhitaji maji baridi, safi na yenye oksijeni nyingi. Maji yakizidi nyuzi 20 za Selisiasi kwa muda mrefu, huanza kutaabika. Ndiyo sababu hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, huonekana katika vijito vya nyanda za juu peke yake. Hutulia akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja wadudu wanaoletwa na mkondo. Mvuvi wa mtindo huu hatumii nyungunyungu. Hutumia ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na nyuzi hadi ikafanana na mdudu. Kwa kuwa mdudu huyo wa bandia hana uzito, uzito huwekwa kwenye mshipi. Mvuvi huupeperusha nyuma na mbele kwa ufito mrefu, kisha akauachilia utue juu ya maji bila kishindo. Ni kazi ya subira na ustadi, na atakayeitazama kwa haki hatakosa kuuona uzuri wake.

Lakini ni kazi ya mtu mwenye nafasi. Anayetafuta kitoweo hutega mgono au wavu. Anayeamua kuvua samaki mmoja mmoja, kwa njia aliyoichagua kwa sababu ni ngumu, ni mtu ambaye chakula chake cha jioni hakitegemei mto. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwandishi wa Kirumi Aelian, aliyeandika kwa Kigiriki takriban mwaka 200 baada ya Kristo, aliwaeleza watu wa Makedonia waliovua kwa ndoana zilizofungwa sufu nyekundu na manyoya ya jogoo. Uingereza ilikuwa na maandishi yaliyochapishwa kuhusu uvuvi wa ndoana tangu mwaka 1496, na kitabu cha Izaak Walton cha mwaka 1653 kiliufanya uvuvi huo uonekane kuwa ibada ya mtu mtulivu.

Wakati huohuo, sheria za Uingereza hazikuwa na utulivu huo. Mwaka 1723 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyojulikana kama Sheria ya Weusi, kwa sababu ililenga watu waliopaka nyuso zao masizi na kuingia katika hifadhi za makabaila. Miongoni mwa makosa yaliyoweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi ni kuvunja ukingo wa bwawa la samaki. Sehemu kubwa ya sheria hiyo ilifutwa mwaka 1823. Mwanahistoria E. P. Thompson aliichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975, akaonyesha jinsi matumizi ya kale ya wanakijiji yalivyogeuzwa kuwa jinai ili mali ya wachache ipate heshima ya sheria. Kwa hiyo, trauti alipopanda meli kwenda makoloni hakusafiri peke yake. Alisafiri na fikra ya kwamba mto unaweza kuwa na mwenyewe, na kwamba mwanakijiji aliye ukingoni anaweza kugeuzwa mwizi pasipo kuhama kwao.

Safari hiyo ilihitaji barafu. Baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindwa, mwaka 1864 meli iitwayo Norfolk ilibeba mayai ya samaki kutoka Uingereza hadi Australia, yakiwa yamefunikwa kwa kuvumwani ndani ya masanduku yaliyozungukwa na barafu. Shabaha kuu ilikuwa samaki aina ya salmoni. Mayai ya trauti yalikuwa nyongeza tu. Salmoni hawakustawi, lakini trauti walianguliwa huko Tasmania, na kutoka hapo wakaenea hadi Nyuzilandi. Mwaka 1890 walipandikizwa Natal, Afrika Kusini. Kila mahali palipokuwa na mlima, maji baridi na afisa wa Kiingereza mwenye hamu ya kukumbuka kwao, samaki huyu alifuata. Walowezi waliona kuwa nchi ya ugenini haijakamilika mpaka ifanane na ile waliyoiacha.

Gura ya mwaka 1905 ni pingili moja ya mnyororo huo. Baada ya trauti wa Loch Leven, aliletwa pia trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Wote wawili walienezwa katika vijito vya Nyandarua na Mlima Kenya. Ni samaki wala nyama: hula wadudu wa majini, viluwiluwi, kaa wa mtoni na samaki wadogo. Leo wote wawili wamo katika orodha ya viumbe vamizi 100 waharibifu zaidi duniani iliyotayarishwa na wataalamu wa Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira. Viumbe wa asili wa mito yetu hawakuwa na mtetezi siku hiyo.

Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu. Wakikuyu wa zama hizo, kwa jumla, hawakula samaki. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba trauti alinyang'anywa mdomoni mwa mtu yeyote. Kilichobadilika ni hadhi ya mto. Kabla ya hapo mto ulikuwa mahali pa kuchota maji, kunywesha mifugo, kuoga, kupatana na kutenganisha mbari na mbari. Sasa uliongezewa maana nyingine, na maana hiyo ikaandikiwa kanuni. Kuvua trauti kulihitaji leseni. Misitu ambamo mito hiyo ilitoka ilitangazwa kuwa mali ya Taji, na aliyezoea kuingia kutafuta kuni, asali au malisho akatakiwa kuwa na kibali.

Leseni hiyo haikuhitaji kutaja rangi ya ngozi. Ada, bei ya ufito na mshipi, na uhuru wa kusafiri kwenda mtoni siku ya mapumziko vilitosha kumchuja asiyetakiwa. Tuulinganishe uhuru huo na kipande, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikebe, kikiwa na alama za vidole vyake na kumbukumbu za mwajiri wake. Katika koloni moja, karatasi moja ilimruhusu mtu kwenda mlimani kustarehe, na nyingine ilimzuia mtu kuondoka shambani bila idhini. Grogan mwenyewe anaonyesha jinsi dunia hizo mbili zilivyokaa ndani ya mtu mmoja. Mwezi Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani wanaume Wakikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi. Ni yeye yuleyule aliyetaka vijito vya mlimani viwe na samaki wa kuvuliwa kwa upole.

Mwaka 1952 historia hizi mbili zilikaribiana mno. Koloni la Kenya lilikuwa limempa Binti Mfalme Elizabeth nyumba ya mapumziko huko Sagana, chini ya Mlima Kenya, kuwa zawadi ya harusi yake ya mwaka 1947. Mto Sagana ulio jirani ni mto wa trauti. Ni katika nyumba hiyo, tarehe 6 Februari 1952, alikopashwa habari kwamba baba yake amefariki na yeye ndiye malkia. Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo, serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Msitu wa Nyandarua ukawa eneo lililopigwa marufuku, ndege zikaudondoshea mabomu, na watu wapatao milioni moja wakaondolewa katika makazi yao na kufungiwa katika vijiji vya lazima. Wapiganaji wa Dedan Kimathi walikunywa maji ya vijito vilevile vilivyopandikizwa samaki wa starehe. Vijito hivyo havikuwa vimebadilika. Aliyeruhusiwa kuvifikia ndiye aliyekuwa amepingwa, na mwishowe kwa silaha.

Baada ya mwaka 1963, nyumba ya Sagana ikawa mali ya serikali ya Kenya, na leo tunaifahamu kama Ikulu Ndogo. Kituo cha kuzalisha trauti cha Kiganjo kiliendelea na kazi. Leseni ziliendelea kutolewa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: utawala wa kikoloni ulijua kwamba trauti hawezi kuishi bila kivuli cha miti ukingoni, bila changarawe safi ya kutagia, bila maji yanayotiririka mwaka mzima. Kumlinda samaki kulilazimu kuulinda mto. Sisi tulirithi samaki na leseni, lakini ule uangalifu tukaulegeza hasa pale ambapo mwenye nguvu hakuwa na haja ya kwenda kuvua.

Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri hiyohiyo, ameieleza hasara hii katika kumbukumbu zake bora kuliko mwanahistoria yeyote. Alipokuwa mtoto alichezea mayai ya vyura katika kijito kilichotoka karibu na mgumo ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake. Aliporudi akiwa mtu mzima, mgumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Kijito hicho hakikuwa na kanuni iliyoandikwa, lakini kilikuwa na mwiko, na mwiko ulikilinda kwa ajili ya wote. Kile cha trauti kilikuwa na kanuni iliyokilinda kwa ajili ya wachache. Tulipouvunja mwiko na kuilegeza kanuni, mito mingi ilibaki bila mlinzi.

Kwa maandishi, tunayo sasa ulinzi wa tatu. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 62 inaihesabu mito kuwa sehemu ya ardhi ya umma. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema kwamba serikali ya kitaifa inazishikilia rasilimali za maji kwa amana ya wananchi. Neno hilo amana ni zito. Anayeshika amana hutoa hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo haionekani. Nairobi hunywa maji ya Nyandarua, mengi yakipitia bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994, na sasa handaki lenye urefu wa karibu kilomita 12 huko Murang'a linachukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati. Upande wa pili wa Mlima Kenya, wakati wa kiangazi, mkulima wa juu na mfugaji wa chini hugombania kilichobaki cha Ewaso Ng'iro. Swali la mwaka 1905 limerudi na sura mpya: nani ana kibali, cha maji kiasi gani, na aliyeko ukingoni ameambiwa nini?

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: vibali vya kuchukua maji vibandikwe katika ofisi ya chifu wa eneo husika, kwa Kiswahili, vikionyesha kiasi kilichoruhusiwa na vipimo vya mto vya mwezi huo. Kwa wanaharakati: vyama vya watumiaji wa maji vinatambuliwa na sheria, na vingi vinakosa watu wenye ari ya kusoma nyaraka na kuuliza maswali. Kwa wanafunzi wangu: ripoti za kikoloni kuhusu wanyamapori na uvuvi hazina wasomaji wengi. Zitafuteni, mzisome pamoja na faili za ardhi na kazi, kisha mwende kuwauliza wazee waliokua kando ya mito hiyo ni nani aliyefukuzwa, lini, na kwa karatasi gani.

Trauti wangali katika Gura, na sidai wang'olewe. Wamekaa zaidi ya karne, na kuwapo kwao ni ithibati kwamba sehemu hiyo ya mto ingali baridi na safi. Ninachodai ni kwamba mama anayeteka maji kilomita kadhaa chini ya hapo apate ulinzi usiopungua ule ambao samaki huyu alipewa na serikali iliyomdharau bibi yake.