Foleni, Gololi na Karatasi

Februari 1988, wanachama wa KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, walichagua wagombea wao wa ubunge kwa kupanga foleni. Ukimtaka fulani, unasimama nyuma ya wakala aliyebeba picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa ameshapita, bila kungoja kura ya siri. Mlolongo, kama njia hiyo ilivyoitwa, ulisifiwa kwa uwazi wake, maana hata mtoto angeweza kuhesabu vichwa. Lakini katika vituo vingine foleni fupi ilitangazwa kuishinda ndefu, na watu walipokwisha kutawanyika hapakuwa na cha kuhesabu tena. Kilichobaki ni chifu aliyemwona kila mtu aliposimama.

Gambia ilishika njia nyingine tangu miaka ya 1960, wapiga kura wengi wakiwa hawajui kusoma. Mtu hupewa gololi moja, akaingia faraghani penye mapipa yaliyopakwa rangi za wagombea na kubandikwa picha zao. Akiitumbukiza, kengele hulia ndani ya pipa. Mlio mmoja, kura moja. Ukisikika wa pili, walio nje wameshamjua mwizi. Ndiyo maana siku hiyo baiskeli, zenye kengele pia, hazitakiwi karibu na kituo. Baadaye gololi hupangwa kwenye trei zenye matundu 200 au 500, na hesabu huonekana kwa macho. Kwa gololi hizohizo Rais Yahya Jammeh, baada ya miaka 22 madarakani, alishindwa na Adama Barrow mwaka 2016. Udhaifu wa gololi ni kwamba kila mgombea anadai pipa lake. Wakizidi, chumba hakitoshi.

Karatasi haina shida hiyo, na inamsitiri mpiga kura vizuri. Shida yake ni safari: kura huhesabiwa kituoni, lakini mshindi hutangazwa mbali. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais, na kasoro za kupeleka matokeo zilikuwa kiini cha uamuzi huo. Mwaka 2022 Fomu 34A, zenye matokeo ya rais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, na mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Ugomvi haukuisha: makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi waliyakana matokeo. Ila safari hii aliyebisha alitakiwa aonyeshe fomu ipi na kituo kipi.

Tukizoea kuuliza njia ipi ni ya kisasa, tutaidharau gololi bure. Gololi na karatasi humficha anayechagua, kisha huacha kitu cha kuhesabiwa upya. Mlolongo ulimwanika mpiga kura, na jioni ukaacha nyayo tu uwanjani.